Kadi Nyekundu katika Baraza la Manyatta

Jumapili ya tarehe 18 Machi 2012, katika Uwanja wa Taifa wa Nyayo jijini Nairobi, mwamuzi wa mchezo kati ya Gor Mahia na AFC Leopards alimwonyesha Ali Abondo, kiungo wa Gor Mahia, kadi nyekundu kwa namna alivyomkabili Amon Muchiri wa Leopards. Waliokuwapo hawakukubaliana kuhusu walichokiona. Baadhi ya mashabiki wa Gor Mahia waling'oa viti na kuvurumisha kila kilichowajia mkononi, mchezo ukasimama kwa zaidi ya dakika 20, na baadaye bodi ya serikali iliyosimamia viwanja ikaifungia timu hiyo milango ya viwanja vyake. Hayo yaliandikwa magazetini. Ambayo hayakuandikwa ni yale yaliyotendeka jioni hiyohiyo, kilomita zipatazo 350 kutoka Nyayo, katika mtaa wa Manyatta mjini Kisumu. Huko, mbele ya kibanda cha fundi viatu, watu ishirini hivi, ambao karibu wote hawakukanyaga Nyayo siku hiyo, waliifungua upya kesi ya kadi ile na kuisikiliza hadi koroboi za wauza omena zilipoanza kuzimwa moja baada ya nyingine.

Makala haya yanalitazama baraza hilo. Wahakiki wa fasihi-simulizi wamezoea kuutafuta utanzu wao katika ngano, nyimbo za harusi, vitendawili na majigambo ya kale. Malumbano ya kandanda huachiwa waandishi wa habari za michezo, kana kwamba ni kelele tu za watu wasio na kazi jioni. Yaelekea upuuzaji huo ni kosa. Malumbano haya yana fanani na hadhira, yana kanuni za kuingia na kutoka, na yana hazina ya visa vya zamani ambavyo msemaji hodari huvichota inapombidi. Zaidi ya hayo, ndani yake kuna neno moja ambalo hupimwa na kupimwa tena, nalo ni *kuibiwa*. Katika mtaa kama Manyatta neno hilo si la mchezo. Limewahi kusemwa mbele ya bunduki.

Baraza na kanuni zake

Manyatta imekaa upande wa mashariki wa barabara ya Kakamega, jirani na Kondele, na kijito cha Auji kinaipitia. Nyumba za udongo na mabati zimesongamana na majumba ya mawe ya kupangisha. Wengi wa wakazi ni wapangaji, na wengi wana asili ya Kijaluo, ingawa Waluhya, Wakisii na wengineo wamekuwamo kwa miaka mingi, wakioana na kuzikana. Kwa sababu hiyo mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mchezo wa mashemeji. Jina hilo ni la utani, lakini pia ni kweli tupu: katika baraza la fundi viatu, mtetezi mkuu wa Leopards alikuwa msukuma mkokoteni wa maji aliyemwoa binti wa ukoo wa mmoja wa waliokuwa wakimzomea.

Kanuni ya kwanza ya baraza ni kwamba hakuna aanzaye na hukumu. Sharti kwanza tukio lisimuliwe, na asimulie aliyeliona. Miaka hiyo SuperSport ilikuwa ikionyesha mechi za ligi ya Kenya, na aliyetazama katika ukumbi wa video huhesabiwa shahidi nusu. Aliyesafiri Nairobi ni shahidi kamili, lakini huyo huchelewa kurudi, na mara nyingi hufika akiwa na sauti iliyokauka na hadithi iliyokwisha nenepa njiani. Kanuni ya pili ni kwamba mwamuzi lazima apate wakili. Hata pale wote waliopo wanapokuwa wa upande mmoja, mtu mmoja huvuliwa ushabiki kwa muda na kupewa kazi ya kumtetea refa, kwa kuwa kesi isiyo na mshtakiwa haina utamu. Kanuni ya tatu ni kwamba mtu aweza kumkatiza msemaji, lakini hana ruhusa ya kumkatiza bure. Hujitaja kwanza, hujisifu au kuwasifu wakwe zake kwa sentensi mbili tatu za mkato, kisha ndipo hutoa hoja yake. Wajaluo waliokulia karibu na wapiga nyatiti wataitambua mara moja kanuni hii kuwa ni *pakruok*, ule ufundi wa kuusimamisha muziki kwa sifa. Kumbe haukufa pamoja na vyungu vya pombe ya kienyeji, umehamia kandandani.

Jioni hiyo shahidi nusu alikuwa kijana wa bodaboda. Alisimulia vizuri hadi alipoifikia kadi, hapo subira ikamwishia.

"Tumeibiwa, omera. Tumeibiwa mchana kweupe."

"Shemeji," akasema msukuma maji, "mguu ulikuwa juu. Ungekuwa ni mguu wa mtu wetu, wewe ungetaka afungwe jela."

Watu wakacheka, na mmoja akataka kumfukuza. Fundi viatu, ambaye kwa umri wake wote walimwita Jaduong', aliinua nyundo yake ndogo bila kuinua macho kutoka kwenye soli aliyokuwa akiigonga. "Mwacheni amalize. Refa hakumsikiliza Abondo, na ninyi sasa hamtaki kumsikiliza huyu. Mna tofauti gani na refa?"

Maneno hayo ya fundi ndiyo msingi wa baraza zima. Sheria ya 5 ya kandanda husema kwamba uamuzi wa refa kuhusu mambo ya mchezo ni wa mwisho. Refa huona mara moja, husoma mara moja, na usomaji wake huwa sheria. Hana nafasi ya kuwasikiliza wahusika, wala hana wajibu wa kueleza sababu zake. Kwa lugha ya uhakiki, ni msomaji pekee duniani ambaye fasiri yake haipingiki kabla ya kipenga cha mwisho. Baraza la Manyatta ni mahali ambapo matini ileile husomwa tena na wasomaji wasio na mamlaka yoyote, na kwa kuwa hawana mamlaka, wanaweza kumudu anasa ambayo refa hana: kusikilizana. Shaaban Robert, katika *Kusadikika*, alimpa Karama nafasi ya kujitetea barazani hadi mwisho wa hoja zake, na uzito wa riwaya ile unatokana na kusikilizwa kwake. Katika mtaa huu, mashabiki humpa mchezaji aliyetolewa nje nafasi ambayo uwanja haukumpa.

Wazee wa baraza huongeza jambo jingine. Wao walijifunza kandanda kwa masikio. Kwa miongo mingi mchezo uliwafikia kupitia redio, kwa sauti za watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki dunia mwaka 2025. Msikilizaji wa redio hakuona mguu wala mpira. Alimwona mtangazaji tu, kwa jicho la sikio. Mbotela huyohuyo aliendesha tangu mwaka 1966 kipindi cha *Je, Huu ni Ungwana?*, kilichouliza kila wiki kama tabia fulani inamfaa mtu mstaarabu. Mtu akilisikiliza baraza kwa makini atagundua kwamba swali lake la ndani si kama mguu wa Abondo ulikuwa juu. Swali ni lile la Mbotela: je, huu ni ungwana? Je, refa alitutendea kama watu?

Hadithi mbili za kushindwa

Kila jamii ina ngano inayoifunza namna ya kushindwa. Katika nchi ya Kano, ambayo huanza pale Kisumu inapoishia, ngano hiyo ni ya Lwanda Magere. Mwili wake ulikuwa jiwe, na mikuki ya Wanandi iliugonga ikaanguka. Walipoona hawamwezi vitani, Wanandi walimpa binti aolewe naye. Wazee wakamwonya, asisikie. Binti akaja kugundua kwamba uhai wa mumewe umo kivulini, akatoroka kwenda kuwaambia watu wake, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kivulini. Shujaa akaanguka, akawa jiwe.

Ni rahisi kuona kwa nini ngano hii hurudi barazani kila Gor Mahia inapopoteza. Ni hadithi ya jabari asiyeweza kushindwa kwa haki, kwa hiyo akishindwa, lazima pawe na hila. Tena ni hadithi ya mashemeji: adui aliingia kwa mlango wa ndoa. Jioni ya Machi 2012 kijana wa bodaboda alimwita mwamuzi "mke wa Kinandi", na baraza zima likaelewa bila kuelezwa.

Hapo fundi viatu aliacha nyundo. "Nani alimwambia mke siri ya kivuli?" akauliza.

Kimya kikapita.

"Magere mwenyewe," akajijibu. "Aliugua, mke mkubwa hayupo, akamwambia huyu mgeni achanje kivuli badala ya mwili. Siri ilitoka kinywani mwake. Kila mara mnasimulia habari za mke, na hamsimulii habari za kinywa."

Ufafanuzi huo una thamani kubwa kwa mhakiki, kwa maana fundi hakuikana ngano wala hakuibadilisha. Alirejesha kipande ambacho kimo katika masimulizi ya wengi lakini ambacho msimulizi mwenye uchungu hukiruka. Ngano ya Magere, ikisimuliwa nzima, ni ya usaliti na ya uzembe kwa pamoja. Ikisimuliwa nusu, huwa ya usaliti peke yake. Malumbano ya mashabiki, kwa kiasi kikubwa, ni ushindani kati ya msimulizi wa ngano nzima na msimulizi wa ngano nusu.

Kuna kinaya cha pili ambacho baraza hukitaja kwa kicheko. Timu yenyewe haikupewa jina la Magere. Ilipewa jina la Gor Mahia, *jabilo* wa Kanyamwa, mganga anayesifiwa kwa hila zake na kwa uwezo wa kujigeuza asionekane na adui. Timu iliyojiita kwa jina la bingwa wa hila inapolalamika kwamba imefanyiwa hila, shemeji hupata la kusema. "Mganga wenu alilala siku hiyo?" aliuliza msukuma maji, na hata aliyetaka kumfukuza alicheka.

Uzito wa neno

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na kuwashauri mashabiki waseme "tumeshindwa" badala ya "tumeibiwa". Ushauri huo ungekuwa wa mtu asiyejua Manyatta iko wapi.

Kutoka kibanda cha fundi hadi hospitali kuu ya Kisumu, ambayo sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga na ambayo wakazi wengi bado huiita Russia, ni mwendo mfupi kwa miguu. Hospitali hiyo ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alifika kuifungua. Palizuka vurugu, na walinzi wakaufyatulia risasi umati. Taarifa rasmi ilitaja watu 11 waliokufa. Wakazi wameshikilia siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi. Ilikuwa miezi michache tu baada ya Tom Mboya kuuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai. Katika siku chache zilizofuata chama cha KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake kuwekwa kizuizini.

Gor Mahia iliundwa mwaka 1968 na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka huohuo. Ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei mlango wa siasa ulipofungwa. Haihitaji nadharia nzito kueleza kwa nini watu waliokatazwa kukutanika kwa jina la chama walikutana kwa jina la timu, wala kwa nini jezi ya kijani ilibeba mzigo ambao jezi hazikushonwa kuubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipozikataza jumuiya za kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Re-Union. Jina la Gor Mahia lilibaki, na watu wakazidi kulishika.

Kisha zikaja chaguzi. Baada ya matokeo ya urais ya Desemba 2007 watu wengi walikufa Kisumu, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilionyesha kwamba sehemu kubwa yao waliuawa kwa risasi za polisi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliyakubali matokeo yaliyobishaniwa. Mwaka 2017 Kondele na mitaa jirani zilijaa tena moshi wa mabomu ya machozi. Ila safari hii, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea barani Afrika. Kwa mara moja katika maisha ya watu wa mtaa huu, mwamuzi mkuu alisema wazi kwamba bao halikuwa halali.

Kwa hiyo mtu wa Manyatta anaposema "tumeibiwa" hasemi neno jipya. Analitoa katika sanduku lenye vitu vingine: hospitali, orodha za wapigakura, majina ya waliozikwa. Refa wa Nyayo alipoinua kadi, wengi waliona mkono mmoja tu, lakini walikumbuka mikono mingi. Atakayewaambia kwamba "ni mpira tu" atakuwa hajasikia wanachozungumza.

Hata hivyo, hatari ya neno hilo inatokana na ukweli wake huohuo. Likitumika kwa kila kadi, kila penalti na kila sare, linachakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi mno, sura yake ikafutika. Siku itakapokuwa kweli tupu, asiyetaka kulisikia atapata udhuru: hao ndio husema hivyo hata wakifungwa na timu ya daraja la chini.

Hoja ya fundi

Ligi ya mwaka 2012 ilikuwa na timu 16, kwa hiyo mechi 30 kwa kila timu. Siku ya mwisho, mwezi wa Novemba, Gor Mahia ilihitaji ushindi dhidi ya Thika United ili itwae ubingwa ambao haikuwa imeuona tangu mwaka 1995. Ikatoka sare. Tusker ikachukua kombe kwa tofauti ya pointi moja. Jioni hiyo baraza lilijaa kuliko ilivyokuwa Machi, na ajabu ni kwamba mjadala haukuanza na Thika. Ulianza na Abondo.

"Kombe lilipotea Machi," alisema kijana wa bodaboda, sasa akiwa mtulivu na kwa hiyo mwenye kushawishi zaidi. "Kadi ile ndiyo ilileta vurugu. Vurugu zikaleta marufuku. Marufuku ikatuhamisha viwanja. Tukatangatanga msimu mzima kama watu wasio na kwao. Pointi moja, Jaduong'. Hesabu mwenyewe."

Ilikuwa hoja iliyopangwa vema, kila pete ikishika nyingine, na wengi walitikisa kichwa kuikubali. Aliyeijibu kwanza hakuwa fundi. Alikuwa mama muuza omena wa upande wa pili wa njia, ambaye kwa miezi yote hiyo alisikiliza bila kuchangia.

"Mwanangu, refa alitoa kadi moja," alisema. "Viti hakuving'oa yeye."

Fundi alimwachia neno hilo lizame, kisha akaleta kisa ambacho hakuna aliyekitarajia, kwa kuwa ni kisa ambacho Manyatta hukitaja kwa fahari tu. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika, lililoitwa Kombe la Mandela, na kuwa klabu ya kwanza ya Kenya kupata taji la bara. Mpinzani katika fainali alikuwa Espérance ya Tunis. Mechi ya kwanza, huko Tunis, ilikwisha 2-2. Ya pili, Nairobi, ilikwisha 1-1.

"Tulimshinda mara ngapi?" aliuliza fundi.

Hawakumjibu.

"Hatukumshinda hata mara moja. Mabao sawa kwa sawa, matatu kwa matatu. Kanuni ya bao la ugenini ndiyo iliyotupa kombe. Kanuni, omera, siyo mguu. Mtunisia alirudi kwao hajafungwa na mtu. Siku ile mlikesha mkiimba. Nani kati yenu alisema kanuni ni mwizi?"

Kwa upande wa balagha, huu ulikuwa ustadi wa hali ya juu. Fundi hakuleta mfano wa mbali wala mawaidha. Aliichukua johari ya hadhira yake, akaigeuza upande wa pili, akawaonyesha alama ya mkono wa sheria iliyokuwa pale siku zote. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwaka 1979 timu hiyohiyo ilifungwa na Canon ya Yaoundé katika fainali ya kombe hilohilo, 2-0 Nairobi na 6-0 ugenini, na kwamba mabao manane hayakuzaa hadithi yoyote barazani. "Tunasimulia tulipoibiwa na tuliposhinda. Tulipozidiwa hatusimulii. Watoto watajuaje kwamba kuzidiwa kupo?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Simulizi la jamii likiwa na milango miwili tu, wa ushindi na wa wizi, halina mahali pa kumweka mtu aliyejitahidi akazidiwa, wala aliyezembea akapoteza. Mtu wa namna hiyo hulazimika kuingia kwa mlango wa wizi, hata kama hakuibiwa, kwa sababu ndio mlango pekee ulio wazi usio wa furaha. Akishazoea kuupita, hujifunza kutojiuliza chochote.

Kijana hakukubali kwa mdomo. Kanuni za baraza hazimlazimishi mtu kukubali, na mshindi hatangazwi kamwe. Kesi huahirishwa tu. Lakini alisema, "Basi tuseme hivi: kadi ilikuwa ya uonevu, na ubingwa tuliupoteza wenyewe." Sentensi hiyo ni ndogo, na kwa sikio la mpita njia ni kauli ya mtu aliyechoka. Kwa aliyefuatilia malumbano tangu Machi, ni hatua ndefu. Mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa kamba moja yamefunguliwa, kila moja likapewa jina lake. Uonevu haukufutwa. Kushindwa hakukufichwa.

Mashine na kipenga

Wapo wanaoamini kwamba malumbano ya namna hii yatakufa kwa teknolojia. Tangu mwaka 2018 sheria za kandanda zinaruhusu video kumsaidia mwamuzi, inayojulikana kwa kifupi kama VAR, na tukio moja laweza kutazamwa mara kumi kabla ya kuamuliwa. Imani hiyo inasahau yaliyotokea tarehe 31 Mei 2019 huko Radès, Tunisia, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa barani Afrika, Espérance ileile ikicheza na Wydad ya Casablanca. Bao la kusawazisha la Wydad lilikataliwa, wachezaji wakaomba video itazamwe, ikabainika kwamba mtambo haufanyi kazi. Wydad wakakataa kuendelea, Espérance wakapewa ushindi, na mgogoro ukahamia kwenye kamati na mahakama za michezo. Jicho la chuma lilikuwapo, lakini lilikuwa limefumba. Na hata linapokuwa wazi, huonyesha mguu tu. Haliwezi kuonyesha kama watu wametendewa kiungwana. Swali hilo halitazamwi upya kwa mkanda.

Ndiyo maana baraza halina mpinzani wa kweli katika mashine. Kazi yake si kuupata ukweli wa mguu. Kazi yake ni kuitunza tofauti kati ya maneno mawili, *kuibiwa* na *kushindwa*, ili kila moja liwepo siku linapohitajika. Jamii iliyonyimwa neno la kwanza hunyamaza mbele ya dhuluma. Jamii iliyopoteza neno la pili haiwezi kujirekebisha. Manyatta, kwa historia yake, haikuwa na hatari ya kulipoteza la kwanza. Lililokuwa hatarini ni la pili, na waliolichunga ni fundi viatu, muuza omena, na shemeji wa upande wa pili aliyekubali kuzomewa kila wiki ili refa asikose wakili.

Mwaka 2013 Gor Mahia ilitwaa ubingwa, wa kwanza baada ya miaka 18. Kisumu iliimba hadi asubuhi. Barazani hapakuwa na kesi, na fundi alifunga kibanda mapema. Msukuma maji alifika kesho yake na mkokoteni wake kama kawaida, akasalimu, akapongeza kama ungwana unavyotaka, kisha akaegemea mtungi na kuuliza kama kuna aliyeitazama vizuri ile penalti ya wiki iliyopita. Kijana wa bodaboda alizima pikipiki, akamsogezea benchi.

"Keti, shemeji," akasema. "Anza wewe."